Uliza Anko: Simu inasema nina kadi ya Mfalme, Kisiwa Kirefu na Mkia wa Mashariki

Toleo lililopita niligusia boksi langu la kadi za zamani za besiboli za Kijapani, zile ninazozihangaikia hapa Nagoya kila nikipata likizo, nikajua wasomaji mtaruka hiyo aya mwende kwenye mapishi. Kumbe nimejitakia, maswali yamejaa mpaka mhariri ananiuliza kama nimefungua duka. Haya tuanze, nimechagua machache, na yale ya "anko nitumie moja" nimeyaacha kwa makusudi.

Shikamoo anko. Mimi niko Tanga, nauza vitu vya used kutoka Japani, makabati, baiskeli, vyombo. Kontena la mwisho lilikua na kabati la droo tatu, droo ya chini imegoma, nilivyoivuta kwa nguvu nikakuta nyuma yake kadi tatu ndogo za picha. Nikaziskani kwa simu. Ya kwanza simu inasema "Mfalme". Ya pili "Kisiwa Kirefu, msimamizi", na huyo jamaa ana namba 90. Ya tatu "Mkia wa Mashariki, Bahari ya Pasifiki". Fundi wangu kagoma kuzigusa anasema ni za uganga. Ni nini hizi, na je ni hela?

Marahaba mwanangu. Mwambie fundi arudi kazini, hamna mganga hapo. Simu yako haijadanganya, imetafsiri kila kitu sawasawa, tatizo ni kwamba imetafsiri majina ya watu. Ni kama mgeni achukue orodha ya timu yetu ya mtaa aiweke kwenye hiyo apu yake, alafu aanze kusimulia kwamba Shida alimpasia Mashaka, Mashaka akamrudishia Sikujua akafunga goli. Maneno ni sahihi ila mechi haipo. Majina ya ukoo ya Wajapani mengi yameundwa na vitu vya shambani na porini, mto, mlima, kijiji, shamba la mpunga, na apu ikikuta herufi mbili zimekaa peke yake kwenye kadi haina habari kwamba huyo ni binadamu.

Sasa tuwafufue. "Mfalme" ni 王, inasomwa Oh, Sadaharu Oh, na kama una bahati ya kufukua kadi kwenye droo basi umefukua mtu mwenyewe. Baba yake alikua Mchina ndio maana jina ni herufi moja. Alipiga homurani, yani mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja, 868 kwenye ligi ya Japani kati ya 1959 na 1980, zote akiwa na timu moja, Yomiuri Giants ya Tokyo, na tarehe 3 Septemba 1977 alipiga ya 756 akampita Hank Aaron, mwenye rekodi ya Marekani wakati ule. Angalia picha vizuri, kama amenyanyua mguu wa kulia juu kama korongo wakati mpira unakuja, huo ndio mtindo wake, alianza nao 1962 na watoto wa nchi nzima wakauiga wakaanguka sana.

"Kisiwa Kirefu" ni 長島, Nagashima, Shigeo Nagashima, mpenzi wa taifa zima. Hapa sasa ndio pananoga. Nagashima akiwa mchezaji alivaa namba 3. Wewe unasema ana 90, na simu imekupa "msimamizi", hilo neno ni 監督, kantoku, yani kocha mkuu. Alistaafu kucheza 1974, akawa kocha wa Giants kuanzia 1975 mpaka 1980, na kipindi hicho ndicho alichovaa 90. Kwahiyo bila kugeuza kadi tayari tunajua ni ya miaka sita hiyo, haiwezi kuwa kabla.

"Mkia wa Mashariki" ni 東尾, Higashio, mrushaji (yule anaemrushia mpigaji mpira) mmoja mbishi sana. Huyu alikaa na Lions miaka yote toka 1969 mpaka 1988 lakini timu ndio ilikua inabadilisha jina kila ikibadilisha mwenye hela, ikaitwa Nishitetsu, ikaitwa Taiheiyo Club, ikaitwa Crown Lighter, mwisho Seibu ambayo ipo mpaka leo. Hiyo "Bahari ya Pasifiki" uliyoletewa ndio 太平洋, Taiheiyo, na jina hilo lilidumu 1973 mpaka 1976 tu basi.

Umeona? Kama hizo kadi tatu zilidondoka pamoja nyuma ya droo kutoka kwenye mkono wa mtoto mmoja, Nagashima anakataa chochote kabla ya 1975, Higashio anakataa chochote baada ya 1976. Umebaki na miaka miwili. Na kama ni 1975 basi huyo mtoto pengine hakuzidondosha, alizitupa, maana mwaka huo wa kwanza wa Nagashima kuwa kocha Giants walishika mkia wa ligi, haijawahi kuwatokea tangu waanzishwe.

Kadi ndogo za miaka hiyo zenye picha ya rangi mara nyingi ni za Calbee, kampuni ya krispi, walianza 1973 kuweka kadi kwenye pakiti za snaksi zao na kadi namba 1 ya mwaka huo alikua huyohuyo Nagashima. Geuza mgongo, utakuta namba na maelezo mafupi, nitumie picha. Kuhusu hela: Oh na Nagashima wanauzika siku zote, ila kadi iliyokaa nyuma ya droo imekunjwa haina bei ya kadi iliyokaa kwenye albamu. Usiuze kwanza kabla hujanionyesha mgongo, na hapo sikutanii.

Anko niaje, Mombasa hapa. Babu yetu marehemu alikuwa baharia, alikuwa akifika Kobe na Yokohama. Kwenye sanduku lake tumepata kitu kama kadibodi nene, kona zote zimeisha, mbele kuna mchoro wa rangi wa mwanamume anarusha mpira, namba 34, na simu inasema "Reli ya Taifa". Nyuma kuna namba ndefu sana, na picha ya mkono umekunja ngumi. Ndugu yangu anasema ni tiketi ya gari moshi. Mimi naona ni kama bahati nasibu. Nani ameshinda?

Hakuna aliyeshinda ila mmenichekesha. Pole kwa babu, na shukuruni Mungu alikua mtu wa kuokota okota.

Hiyo inaitwa menko. Ni mchezo wa watoto, wa zamani sana, menko za kwanza zilikua za udongo, zikaja za risasi, ndio baadae za karatasi ngumu. Unaweka yako chini, mwenzako anaibamiza yake ardhini pembeni kwa nguvu zote ili upepo na kishindo viigeuze ya kwako, ikigeuka kaila. Sisi tulikua tunakulana gololi, wao wakalana kadi. Ndio maana ni nene na ndio maana kona zimeisha, hiyo kadi imepigwa chini mara mia kadhaa na mtoto anaejua kazi yake, wengine walikua wanazipaka nta ziwe nzito zisigeuke kirahisi. Mimi binafsi menko iliyochakaa naipenda kuliko iliyokaa safi, safi maana yake mwenyewe alikua muoga wa kucheza, ila najua wenzangu wenye hela hawakubaliani na mimi.

Mgongo wake ni mchezo ndani ya mchezo. Namba ndefu ni ya kushindanisha, mnafunua wote, mwenye namba kubwa anakula. Ngumi ni jiwe-mkasi-karatasi, Wajapani wanaita janken: ngumi ni guu, vidole viwili ni choki, mkono wazi ni paa. Kwahiyo hata mkiwa ndani ya nyumba na mama amekataza kelele za kubamiza, bado mnaweza kulana kimya kimya.

Sasa huyo mtu. "Reli ya Taifa" ni 国鉄, Kokutetsu. Shirika la reli la Japani lilikua na timu, Kokutetsu Swallows, na hilo jina la mbayuwayu limetoka kwenye treni yao ya haraka iliyoitwa Tsubame, yani mbayuwayu. Kwahiyo ndugu yako wa tiketi ya gari moshi mpe nusu maksi. Namba 34 ya Kokutetsu, mrushaji, hapo hatuna haja ya jina, ni 金田正一, Masaichi Kaneda, na simu ingekwambia "Shamba la Dhahabu". Alishinda mechi 400, hakuna mwingine Japani aliyefika hapo, na ushindi mwingi kati ya huo aliupata kwenye timu hiyo ya reli ambayo ilikua dhaifu, yani mtu anabeba behewa zima mgongoni. Siku Nagashima, yule Kisiwa Kirefu wa Tanga, anacheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa, Aprili 1958, aliekua anarusha upande wa pili ni Kaneda, akamtoa mara nne, mara zote nne kwa straiki, yani Nagashima alishindwa kuupiga mpira. Nchi nzima ilikuja kumuangalia bwana harusi akaondoka na aibu.

Tarehe: Kokutetsu iliitwa hivyo 1950 mpaka 1965, na Kaneda aliondoka akaanza kuchezea Giants 1965, kwahiyo kadi yenu ni ya kati ya 1950 na 1964. Tunaweza kubana zaidi. Tafuteni kama kuna 貫 au 尺 popote. 貫 ni kan, kilo 3.75, na 尺 ni shaku, sentimita 30.3, vipimo vyao vya kale. Mchezaji wa kan 19 ana kilo 71 na kidogo. Japani waliachana na hivyo rasmi mwanzoni mwa 1959 wakahamia mita na kilo, kwahiyo kadi yenye kan na shaku unaanza kuitafutia mwaka kabla ya hapo. Sio sheria ya msumari, viwanda vidogo vya menko vilikua vinachapa kwa kubahatisha, ila inasaidia. Na mkiona 昭和 ikifuatwa na namba, hiyo ni Showa, miaka ya mfalme wao wa wakati ule, ongeza 25 unapata mwaka wetu: Showa 33 ni 1958. Hiyo hesabu ishikeni, mtaitumia kwenye kila kitu cha Kijapani mpaka cherehani.

Asalaam aleikum kaka. Mimi nipo Muscat, nimejifunza katakana na hiragana kwa starehe yangu tu jioni baada ya kazi, kanji, zile herufi zenye asili ya China, bado zinanitoa jasho. Je naweza kusoma kadi hizi bila simu, au nijikatie tamaa?

Waaleikum salaam dada. Usikate tamaa kabisa, wewe uko mbele kuliko unavyodhani, kwa sababu unaongea Kiswahili. Sikia. Katakana ndio wanayoandikia majina ya wageni na maneno ya mkopo, na wao wanafanya kilekile tunachofanya sisi, neno likija halina irabu mwishoni wanaliongezea. Sisi tukasema basi, wao basu. Benchi ni benchi, hatukukopeshana, tumekutana njiani. Irabu zao ni a, i, u, e, o na wanazitamka kama sisi. Ukikuta スタルヒン isome tu kwa sauti kama unavyosoma gazeti, Su-ta-ru-hi-n, ndio huyo Starffin, Victor Starffin, mzaliwa wa Urusi aliyekulia Hokkaido akawa mrushaji wa kwanza Japani kushinda mechi 300. Wenzangu wa Kizungu huku wanahangaika na hayo majina, mimi nayasoma kama Juma.

Huyo Starffin ana mtego wake. Kuanzia 1940, wakati wa joto la vita, majina ya kigeni yalikua hayatakiwi, akaandikishwa kwa jina la Kijapani, 須田博, Suda Hiroshi. Kwahiyo mtu mmoja, mrushaji yuleyule mrefu kuliko wote uwanjani, ana majina mawili kutegemea kitu kimechapwa lini, na mtu asiejua hiyo habari atakwambia ni watu wawili.

Kanji za kadi ni chache na zinajirudia. 手 ni mkono, ukiikuta mwishoni mwa neno jua hapo wanakutajia kazi ya mtu uwanjani. 投手 ni mkono wa kurusha, yani mrushaji. 捕手 ni mkono wa kukamata, mdakaji. 外野手 ni wa nje kabisa kule, 内野手 wa ndani. Ukikuta 遊撃手 usiogope, simu inaweza kukuletea habari za vita maana neno lenyewe ni la jeshi, kikosi cha kushambulia huku na huko, lakini kwenye besiboli ni yule anaesimama kati ya beisi (kituo cha kukimbilia) ya pili na ya tatu. 右 ni kulia, 左 ni kushoto, 投 kurusha, 打 kupiga, kwahiyo 左投左打 ni mtu wa mkono wa kushoto pande zote, mfano Oh. 勝 ameshinda, 敗 ameshindwa, 本塁打 homurani. Ukizishika hizo dada, kadi nyingi utakua umeshazimaliza mgongo wote ukisubiri chai ichemke.

Kuna mambo mawili yatakukamata. La kwanza, kadi za kabla ya vita, na hata nyingine baada ya vita kidogo, maandishi ya kulala yanasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wewe uliye Muscat hilo halitakusumbua, soma kama unasoma kibao cha dukani hapo nje. Ila simu haijui, ukiipa 人巨 itahangaika wakati ni 巨人 tu imegeuzwa, Kyojin, majitu, ndio Giants haohao.

La pili ni baya zaidi, majina yenyewe. Kanji moja ina matamshi kadhaa na mzazi ndiye anaechagua. Yule Kaneda wa Mombasa jina lake la pili ni 正一. Wajapani wengi ukiwaonyesha hizo herufi bila maelezo watakusomea Shoichi. Yeye ni Masaichi. Hakuna kanuni, unajua au hujui. Na Nagashima wa Tanga utamkuta kadi moja 長島 nyingine 長嶋, hiyo ya pili kilima kimehamia pembeni, ni mtu huyohuyo. Kwahiyo mimi siku zote nasoma timu kwanza, kisha kazi yake uwanjani, kisha namba ya jezi, jina nalifikia mwisho kabisa, na likigoma nakua nishamjua kwa njia nyingine.

Kidogo nje ya mada: dada ukija likizo nyumbani ukapanda gari la Kijapani lile linaloongea kwa sauti ya mwanamke kila ukiwasha, lile ambalo madereva wetu wanasema linasalimia, sikiliza vizuri, kuna neno "kaado" pale. Linalalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Limelalamika toka Yokohama mpaka Kariakoo na hakuna aliyelijibu.

Wewe mzee, kwanini unahangaika na kadi za watu waliokwishastaafu wakati Uganda hapa besiboli inachezwa na hukuandika neno? Kampala.

Nimepigwa na nimekubali. Ni kweli, vijana wa Uganda 2012 walikua timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, na mwaka uliotangulia walikua wamefuzu wakakwama kwenye viza. Siku mtakapochapisha kadi zao za krispi niandikieni, nanunua boksi zima na Kiganda chake nitajifunza.

Habari anko, nimefungua akaunti kwa dalali wa onlaini anaenunua kwenye minada ya Japani na kutuma Dar. Kadi ni nyingi, bei zinatofautiana kama mbingu na ardhi, kitu kilekile kimoja bei ya soda kingine bei ya pikipiki. Nakwepaje kupigwa?

Kwa kupigwa mara moja, ndio nilivyojifunza mimi. Mwaka wangu wa pili huku nilinunua menko nne kwa muuzaji mmoja wa mnadani, simtaji, picha nzuri, wachezaji wa 1949 hivi, Kawakami na gongo lake jekundu la kupigia, Oshita na la bluu, ile jozi ambayo kila mtoto wa wakati ule alikua anaitaka. Zilivyofika nikazishika nikaona zimekua nyepesi kidogo, nikasema labda ni ubahili wa baada ya vita. Wiki nzima nimezipanga mezani naziangalia nikila. Rafiki yangu mmoja wa huku akaja na kile kitaa cha zambarau, kile wafanyabiashara wetu wanachokagulia noti bandia, akazima taa ya chumba akamulika. Zikawaka kama shati jeupe disko. Karatasi ya kisasa ina dawa ya kung'arisha inayowaka kwenye hiyo taa, ya miaka hiyo ya 40 haina. Alafu akanionyesha maelezo ya mnada, herufi mbili tu, 復刻. Fukkoku. Maana yake imechapwa upya. Muuzaji alikua amesema ukweli, mimi ndio sikusoma, nilikua nimetafsiri kichwa cha habari tu nikaridhika.

Kwahiyo taa nunua, bei rahisi, lakini jua mipaka yake: kadi za miaka ya 70 kama za Tanga hapo juu zinaweza kuwaka na ni halali kabisa maana dawa hiyo ilishaingia viwandani. Taa inakusaidia kwa vitu vya zamani zaidi. Muhimu zaidi ni kusoma maneno ya muuzaji, na hayo usimuachie apu. 当時物, tojimono, ni kitu cha wakati wake, ndicho unachotaka. 復刻 tumeshaizungumza na makovu ninayo. 美品 ni safi, ila kila muuzaji duniani kitu chake ni safi. まとめ売り ni fungu, anauza kwa pamoja, na hapo ndipo pazuri kwa mtu mwenye hela ya soda, unapata kadi arobaini za watu usiowajua na mmoja kati yao unakuta ni mtu. ジャンク, soma kwa katakana, janku, yani kitu kina tatizo na muuzaji amekwambia mapema. Na ukiona ノークレーム・ノーリターン, isome polepole, no-kureemu no-ritaan, hapo ameshanawa mikono, ukilia ni juu yako.

Gharama ya dalali na usafiri usiisahau, mara nyingi inaizidi kadi yenyewe. Subiri zijae kwenye ghala lao utume kwa mkupuo.

Na hiyo tofauti ya bei unayoshangaa, nusu yake ni hali ya kadi, nusu nyingine ni kwamba moja imeshapelekwa Marekani kwenye kampuni ya kupima ikarudi imefungwa kwenye plastiki ina maksi kati ya kumi. Watu wananunua hizo maksi. Haina ubaya, ila menko ndani ya plastiki ngumu mimi naionea huruma kidogo.

Shikamoo anko, niko Unguja. Mume wangu aliniletea kadi moja ya zamani ya Kijapani kama zawadi, ina mchezaji amevaa kofia, nzuri mno, lakini hapa kwetu unyevu, nimeona pembeni imeanza doa. Nimempa mtoto aipeleke steshenari wakaifanyie lamineshen ikae vizuri. Nimefanya vizuri?

Marahaba mwanangu, soma hii ukiwa umesimama mlangoni: mpigie huyo mtoto sasa hivi arudi.

Najua sisi kwetu kila karatasi ya maana inalaminetiwa, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, leseni ya duka, lakini ile mashine inaipika kadi kwa joto na gundi na haitoki tena milele, na unyevu ulioingia unafungiwa humohumo ndani uendelee kula taratibu. Kama ameshafika na ameshalipa basi aiache hela, achukue kadi.

Unachotaka ni kimfuko laini cha plastiki cha kadi, kisicho na ile harufu kali ya plastiki mpya kwa sababu yenye harufu ndiyo inayoyeyusha wino baada ya miaka. Ukiingize ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinavyosema usile. Kopo ndani ya kabati, sio ukutani kwenye jua, sio karibu na jiko, sio juu ya friji. Kila masika ikiisha fungua uangalie, badilisha vifuko. Doa usilisugue, hata kwa kitambaa kikavu. Mende wanapenda gundi ya kadi za zamani kuliko wanavyopenda sukari, kwahiyo kopo, sio boksi la karatasi.

Na kabla hujaifunga, ipige picha mbele na nyuma unitumie, umeniambia kofia tu, mimi nataka herufi iliyo kwenye kofia.

Tanga, bado nasubiri migongo. Mombasa, waulizeni wazee babu alikua kwenye meli gani na miaka ipi, inaweza kutubania ile 1950 mpaka 1964 hata kuliko hiyo kadi yenyewe.